Saba Jumlisha Moja

Binti yangu ana miaka mitano, na tangu chekechea wamfundishe namba, hatuna amani. Anahoji bei kwenye mfuko wa unga. Anahoji kwa nini mia tano ni ya chuma na elfu moja ni ya karatasi, wakati elfu ndiyo kubwa. Mara nyingi humjibu, "Ukikua utajua," jibu lililonilea hata mimi, na nimekua bila kujua.

Asubuhi moja tulikuwa tumebanana kwenye daladala ya Mbagala.

"Baba, saa ngapi?"

"Saa moja."

Akachungulia simu. "Mbona imeandikwa saba?"

Ilikuwa 7:00 kweli. Miaka yote nimeona saba nikatamka moja, na hakuna aliyewahi kunishika. Abiria wa siti ya mbele wakanyamaza, na abiria wa Mbagala hawanyamazi ovyo.

"Hiyo saba ndiyo moja," nikasema.

"Mwalimu kasema saba ni saba."

Nikajikaza. Nikamweleza kwamba sisi huanza kuhesabu siku jua linapochomoza, na kwa kuwa hatuko mbali na ikweta, jua letu halina maringo: mwaka mzima hutoka mnamo saa kumi na mbili, na kuzama mnamo saa kumi na mbili. Ikishapita saa ya kwanza tangu litoke, hiyo ndiyo saa moja. Simu, nikaendelea, inafuata watu wanaoanza kuhesabu usiku wa manane.

"Usiku wa manane si wamelala? Nani anahesabu?"

Konda alicheka mpaka akasahau chenji ya mtu. (Siamini kama alisahau, ila hayo ni mengine.)

"Na bibi je?"

Bibi hana shida, nikamwambia. Mshale mfupi wa saa yake ya ukutani ukielekea saba, yeye hutazama upande wa pili, mkabala na hiyo saba, anaikuta moja imetulia inamsubiri. Mama mmoja mwenye ndoo ya vitumbua akadakia kuwa hata yeye husoma hivyohivyo. Nilimfikisha mtoto shuleni nikitembea kifua mbele.

Jioni daftari likarudi na wino mwekundu. Swali: 7 + 1. Jibu: 2.

"Saba ni moja," akanifafanulia taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Ukiongeza moja, mbili. Si ulisema mwenyewe?"

Chini mwalimu alikuwa ameandika: "Mzazi afike kesho saa 8."

Nikaikodolea macho ile nane. Mwishowe nikamwita. "Mama, hii nane ni nane, au ni mbili?"

"Baba! Nane ni nane."

Nikafika saa nane mchana, shati limepigwa pasi. Mlinzi wa getini akaniambia mwalimu alinisubiri tangu saa mbili asubuhi, akachoka, kaenda zake.