Askari Wako Amesimama Wapi?

Mtu amekaa wiki mbili akipaka rangi kisanamu cha askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, kisichozidi urefu wa kidole gumba. Kofia ameipatia, mikanda ya risasi ameipatia, hata vifungo vya koti ukivitazama kwa miwani utavihesabu. Siku ya mwisho anachovya miguu ya askari huyo kwenye kopo la nyasi za kijani kibichi, nyasi za uwanja wa kriketi, anakung'uta, anaweka kabatini. Askari aliyepigana Tanga mwezi Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, sasa analinda bustani ya mstaafu huko Surrey, Uingereza.

Mwongozo huu umeandikwa kuzuia jambo hilo. Unahusu kitako, yaani kile kipande cha chini ambacho kisanamu cha mchezo wa vita hugandishwa juu yake kisianguke. Wachezaji wengi hukiona kitako kuwa kazi ya dakika tano za mwisho, kama kufagia baada ya harusi. Mimi nasema ndicho kinachoamua kama umetengeneza askari au umepaka rangi kipande cha bati.

Kijani kile kina asili yake. Mchezo wenyewe ulikulia Uingereza. H. G. Wells alichapisha kitabu chake Little Wars mwaka 1913, chenye sheria za kupigana vita vya sakafuni kwa askari wa risasi na vimizinga vya kufyatua kwa springi. Baadaye kampuni ya Games Workshop, yenye makao yake Nottingham, ikaeneza mchezo wa Warhammer dunia nzima, na katika miaka ya 1990 mtindo ulikuwa kupaka vitako vya jeshi zima rangi moja iliyoitwa Goblin Green. Kwa majitu ya hadithini, sawa, nchi yao haina ramani ya kuwapinga. Askari wa Afrika Mashariki wana ramani. Basi kabla hujanunua gundi, jibu swali moja: huyu amesimama wapi, na ni mwezi gani?

Tuanze na kisahani chenyewe. Cha plastiki kinachokuja na kisanamu kinatosha. Fundi mwenye mashine ya leza atakukatia vya mbao nyembamba ya milimita 2 au 3. Wachezaji wa Uingereza hupenda sarafu ya peni 2, ambayo ina kipenyo cha karibu milimita 26, na kwa kuwa tangu 1992 imetengenezwa kwa chuma kilichopakwa shaba, inanasa kwenye sumaku, hivyo jeshi zima husafiri katika bati la biskuti bila kugongana. Mimi napenda kizibo cha soda. Kina meno 21, upana wake mdomoni ni kama milimita 32, hakina bei, na kijiwe chochote cha drafti kitakupa kumi ukiomba kwa adabu baada ya mchezo kwisha, si katikati. Kigonge kwa nyundo ya mpira hadi meno yalale, kisha kwaruza rangi yake kwa msasa, kwa sababu gundi haishiki juu ya rangi inayoteleza.

Sasa udongo, na hapa nakuomba usiwe na haraka.

Mchanga wa ufukweni ndio unaomjia kila mtu kichwani, nao ndio wenye hila kuliko wote. Una chumvi. Usipooshwa, chumvi hiyo huvuta unyevu, na baada ya masika moja utaona ukungu mweupe unachomoza juu ya rangi yako, na kitako cha chuma kinaanza kutu. Uoshe kwa maji baridi mara nne au tano, uanike, kisha uchekeche kwa chujio la chai. Utakachobaki nacho ni mchanga mzuri, lakini ni wa pwani. Unafaa kwa kikosi kilichoshuka Ras Kasone, pale Tanga. Haufai kwa kilima cha Salaita.

Salaita iko upande wa Taveta, na waliopigana pale tarehe 12 Februari 1916 walipigana katika nyika ya miiba wakati wa kiangazi. Ardhi ya kutoka huko hadi Voi inajulikana na kila aliyewahi kupanda basi la Mombasa: ni nyekundu, na wekundu wake huingia hadi kwenye mishono ya viatu. Hapo tumia udongo wa kichuguu. Mchwa wamekwisha kukusagia. Punje zake ni laini, unashikamana kama uji mzito ukichanganywa na gundi nyeupe ya mbao, na ukikauka hupasuka nyufa ndogondogo ambazo hakuna kopo la dukani linaloziiga vizuri. Ukaange kwanza kwenye kikaango kikavu kwa robo saa, maana ndani yake mna wenye nyumba ambao hawajahama.

Kwa bonde la Rufiji mwanzoni mwa 1917, wakati mvua zilipofurika na majeshi yote mawili, la Waingereza na la Wajerumani, yakakwama katika njaa na homa, sahau wekundu. Unahitaji tope jeusi: mfinyanzi uliosagwa, gundi, tone la rangi nyeusi, na juu yake vanishi ya kung'aa mahali ambapo maji yametuama. Hapo usiweke jani hata moja lililonyooka.

Kuna jambo ambalo hata wapakaji wazuri hulipuuza, nalo ni ukubwa wa punje. Kisanamu cha milimita 28 ni mtu aliyepunguzwa takriban mara 56. Kokoto ya milimita 5 kwake ni jiwe la karibu sentimita 28, jiwe la kukalia. Punje ya milimita 1 ni kokoto ya kujikwaa. Ukimwaga changarawe ya ujenzi chini ya miguu yake, umemsimamisha machimboni. Kwa visanamu vya milimita 15 hali ni kali zaidi, kwani huko milimita 1 ni karibu sentimita 10. Chekecha mara mbili. Weka unga mwingi, mchanga kidogo, na jiwe moja tu pembeni.

Jikoni nako mna hazina na mna mitego. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa kabisa juani, ni majani makavu ya msituni yasiyo na mpinzani. Kahawa iliyosagwa nayo ni nzuri, ila iwe kavu, la sivyo itaota ukungu wa kweli juu ya udongo wako wa bandia. Magadi ya kuokea mikate hugeuka jiwe papo hapo yakiguswa na gundi kali, hivyo ni dawa ya kuziba pengo chini ya mguu. Usiyatumie kama theluji ya Kibo, kwa sababu hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda. Chicha la nazi usilikaribie. Lina mafuta, litanuka, na sisimizi watapanga safu juu ya meza yako kwa nidhamu kuliko jeshi lolote utakalolichora.

Nimeacha nyasi hadi hapa kwa sababu ndizo nizipendazo. Maduka ya ng'ambo huuza nyuzi za nailoni zinazosimamishwa kwa kifaa cha umeme tuli. Ni kazi ya kupendeza, lakini sisi tuna mkonge. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche kutoka Florida; iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yakaota mashamba yaliyoipa Tanga utajiri wake. Mkonge ulikuwapo basi vita vilipofika. Nunua kamba ya katani ya kufungia mzigo, kata vipande vya milimita 20, vibane kwa kidole na gumba, chovya ncha moja kwenye gundi, simamisha. Umepata majani ya zaidi ya mita moja kwa kipimo cha askari, yanayomfika kiunoni, na rangi yake ya asili ni ileile ya majani makavu ya nyika. Huna haja ya kuyapaka rangi. Yapinde kidogo upande mmoja, kama yaliyopigwa na upepo wa kusi. Nyuzi tatu nne mahali pamoja, kisha udongo mtupu, kisha nyuzi nyingine. Nyasi za nyika huota kwa mafungu.

Na kama unatengeneza Tanga yenyewe, weka mzinga. Nasema mzinga wa nyuki. Tarehe 4 Novemba 1914 nyuki walitoka kwa hasira katikati ya mapigano wakawashambulia watu wa pande zote mbili. Kipande cha kijiti chenye urefu wa milimita 15, kilichotobolewa upande mmoja na kufungwa kwa uzi kwenye tawi, kinaeleza siku ile kuliko bendera yoyote.

Gundi na rangi hazina mengi. Gundi nyeupe kwanza, udongo juu yake, acha usiku kucha. Kesho yake changanya gundi na maji nusu kwa nusu, ongeza tone la sabuni ya vyombo ili mchanganyiko upenye badala ya kubaki shanga juu ya mchanga, dondosha kote. Ikikauka, paka rangi hata kama udongo ni wa kweli, kwa sababu gundi huufanya uwe mweusi kuliko ulivyokuwa. Rangi nzito kwanza, kisha ile hafifu kwa brashi iliyokaribia kukauka, ikigusa vilele tu. Kumbuka miguu. Askari wengi wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza, walikwenda peku, na mguu uliotembea kutoka Taveta hadi Morogoro hauwezi kuwa safi. Vumbi la kitako lipande hadi kwenye vifundo.

Kuhusu mafuvu. Warhammer imezoeza watu kutawanya mafuvu chini ya kila shujaa, na kwa sayari za kubuni sina neno. Kwa vita hivi, hapana. Mahiwa, palipopiganwa Oktoba 1917, palikuwa mahali pa kweli, na wafu wake walikuwa na mama zao. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi cha wapagazi ambao maelfu kwa maelfu walikufa kwa homa, kuhara na njaa, wengi bila kaburi linalojulikana. Mifupa yao si pambo. Ukitaka kuonyesha kifo, acha mzigo njiani: gunia dogo la kitambaa lililojazwa mchanga, na alama za miguu zinazoendelea mbele bila mwenye mzigo.

Na mtengenezee mpagazi kitako kizuri kama cha ofisa, hata kama sheria za mchezo hazimpi pointi.

Nawe msomaji uliye Tanga, nina ombi. Ukipita Ras Kasone, nichotee udongo kiasi cha kiberiti kimoja, juu ya pale maji ya bamvua yanapofika. Usichote makaburini. Andika tarehe juu ya kiberiti, kwa sababu rangi ya Novemba si rangi ya Mei.