Tezi Inakwenda Itakako

Jumamosi iliyopita, mbele ya umati uliokuja ufukweni kula aiskrimu, boti yetu iligonga gati kwa ubavu, ikarudi nyuma, ikajigeuza, ikaligonga tena kwa tezi, kisha ikakingama pale pa kupitia na kuwafungia njia wote waliokuwa wakingoja. Mimi ndiye niliyeshika usukani. Kuushika niliushika, nani alikuwa akiendesha, sijui.

Nilipouzungusha kushoto, tezi ilikwenda kulia. Nilipouzungusha kulia, tezi ilikwenda kulia. Nilipouachia kabisa nione kama kuna mwingine anayeendesha, tezi ilikwenda kulia. Mzee mmoja mwenye kofia pana alisimama gatini akinipigia kelele za maelekezo, na kila elekezo lilikuwa kinyume cha lililotangulia. Vijana wakatoa simu zao. Shemeji yangu, aliyekuwa omo na kamba mkononi, kazi yake ikiwa kuifunga boti, aligeuza uso akawa anatazama milima ya Wisconsin ng'ambo ya maji kana kwamba amepanda lifti tu na dereva hamjui.

Na haya yalitokea wapi? Lake City, Minnesota, kwenye ziwa Pepin, ambalo kwa kweli ni mto Mississippi umepanuka. Mji huu unajitangaza kuwa ndipo ski ya majini ilipozaliwa. Julai 2, 1922, kijana aitwaye Ralph Samuelson alisimama juu ya mbao mbili alizozikunja ncha kwa kuzichemsha kwenye chungu cha mamake, akashika kamba, akavutwa na boti akateleza juu ya maji. Mtu wa namna hiyo ana mji unaomkumbuka. Sisi tuna video.

Tulipofanikiwa kufunga kamba, bwana mmoja alitusogelea. Hakuuliza kama kuna aliyeumia. Aliuliza boti tumeikodi kwa nani. Jioni ile niliziona boti nyingine zikigonga gati lile lile, moja ikiendeshwa na mtu mwenye bia mkononi, na hakuna aliyeulizwa chombo ni cha nani wala kama anajua kuogelea. Mimi niliulizwa yote mawili, tena la kuogelea niliulizwa nikiwa nimelowa hadi nywele. Nilijibu kwa adabu. Adabu ile inanikera kuliko mkwaruzo wa ubavuni.

Usiku sikulala, nilikaa nikichimba jinsi mashine hii inavyofanya kazi, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyozidi kuipenda, jambo ambalo mke wangu analiona ni ugonjwa. Boti zilizoundwa kuvuta watu zina propela moja chini ya tumbo, na nyuma yake kidogo kuna sukani, bapa dogo tu. Ukienda mbele, propela inalitupia bapa hilo maji kwa nguvu zake zote. Sukani ikiinama kidogo, maji yale yanapigwa kando na tezi inatii palepale. Ndiyo maana zikienda mbele boti hizi zina utiifu wa kushangaza. Sasa tia gia ya nyuma. Propela inayatupa maji upande wa omo, mbali na sukani. Sukani inabaki imening'inia kwenye maji yaliyolala, na wewe juu unazungusha gurudumu ambalo halina neno na mtu.

Halafu kuna hili la pili, tamu zaidi. Shafti ya propela haikulala sawa na maji. Inashuka kwa mshazari kutoka ndani ya boti. Kwa hiyo bapa la propela linaposhuka linayakata maji tofauti na linapopanda, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuikokota tezi upande mmoja. Propela ambayo, ukiitazama kutoka nyuma, huzunguka kufuata saa boti iendapo mbele, itaivuta tezi kushoto ukirudi nyuma. Ya kinyume itaivuta kulia. Yetu ni ya kinyume. Manahodha wa hapa hawabishani na jambo hili: wanachagua gati la upande ambao tezi inautaka yenyewe, wanagusa gia ya nyuma, wanagusa ya mbele, basi, boti inajilaza ubavu kwa ubavu. Aliyetuuzia alitueleza habari za redio kwa muda mrefu sana. Hili hakuligusa.

Na kuuziwa kwenyewe kulikuwa vita. Shemeji ni mtu wa slalomu: ski moja, kamba fupi, maboya sita katika njia ya mita 259, wanaume wakivutwa hadi kilomita 58 kwa saa. Ukitaka kumfurahisha, mwulize urefu wa kamba. Atakueleza kwamba inaanzia mita 18.25 na kila ukifaulu inakatwa, hadi inafika 11.25, wakati boya liko mita 11.5 kutoka katikati ya njia. Yaani kamba haifiki! Mtu anatakiwa ainame juu ya maji, amalize kwa urefu wa mkono wake kile ambacho kamba imekataa kumpa. Siku ya kwanza kusikia hesabu hiyo niliweka kikombe chini.

Mtu anayekata kamba hivyo, kila akivuka nyuma ya boti anakutana na wimbi la tezini kwa mwendo wa kuvunja goti. Analitaka liwe dogo, laini, karibu halipo. Kwa hiyo boti yake ina injini katikati kabisa, uzito umegawanyika sawa, na shafti inatoka injini ikinyooka hadi kwenye propela. Haina mzunguko wowote. Ubaya wake ni kwamba injini inakaa sebuleni. Kuna sanduku kubwa katikati ya boti, lina joto, na familia inaketi kulizunguka ikiunguza magoti.

Binti yangu Zuhura ni wa wekibodi. Yeye anavutwa polepole, kilomita thelathini na kitu kwa saa, na anataka wimbi liwe kilima apande, aruke, ageuke hewani. Boti ya kumfaa inasukumiwa injini nyuma kabisa ili tezi izame. Lakini injini ikikaa nyuma, shafti itoke vipi pasipo na nafasi? Hapa ndipo waliponimaliza. Injini inageuzwa: upande wake unaotoa nguvu unaelekea omo. Nguvu inatoka ikienda mbele, inaingia kwenye giaboksi, inapindwa kama herufi V, inarudi nyuma kwa kupita chini ya injini ile ile ilikotoka, ndipo inaifikia propela. Ni sawa na abiria aendaye Likoni aliyepandishwa matatu ya Nyali, akateremshwa, akarudishwa akipita tena mlangoni kwake. Na anafika!

Haikutosha. Boti ya V ina matangi, na pampu za kuyajaza maji ya ziwa, mamia ya kilo, ili tezi izame zaidi na wimbi likue zaidi. Mimi nimelelewa mahali ambapo maji yakiingia chomboni mtu anakamata upo na kuanza kufua, huku akisoma dua zote anazozijua. Huku watu wanalipa zaidi ya dola 100,000 kwa boti mpya ya aina hii, kisha wanabonyeza kitufe ili waizamishe nusu. Yetu ni ya mtumba na kitufe kinafanya kazi vizuri kuliko breki za gari langu.

Kulikuwa na chaguo la tatu, ambalo shemeji na binti walilikataa kwa sauti moja, mara pekee walipokubaliana. Ni boti ambazo injini iko ndani lakini propela iko nje nyuma, kwenye mguu unaogeuka wenyewe, mtindo ambao Volvo Penta waliuingiza sokoni 1959. Mguu wote unageuka, kwa hiyo ukirudi nyuma unakwenda unakotaka. Lakini propela imechomoza palepale anapoangukia anayeteleza karibu na tezi bila kamba, na Zuhura anataka hilo pia. Volvo Penta hao hao walitoa mwaka 2015 mguu wenye propela zinazotazama mbele, zimefichwa chini ya boti. Bei yake tuliisoma tukafunga ukurasa.

Muuzaji alituapia kwamba ya V inafaa kwa yote. Tukainunua.

Kuhusu mengine, nitasema kwa ufupi. Kizibo cha chini kilisahaulika nyumbani, na siku hiyo pampu ya kweli ilikuwa sisi. Stika inayosema uwashe feni ya chumba cha injini kwa dakika nne kabla ya kuwasha injini, Zuhura anaiona ni ushauri. Kaptura yangu iko ndani ya Mississippi. Na siku nilipojaribu ski mwenyewe, maji yaliniingia kwa njia ambazo hazitajwi kwenye gazeti la familia.

Sasa tuna mkataba. Asubuhi, ziwa likiwa shwari, matangi yanamwagwa yote na boti ni ya shemeji. Alasiri yanajazwa na ni ya Zuhura. Shemeji anasema hata matangi yakiwa matupu wimbi bado ni kubwa, kwa kuwa injini iko pale pale ilipowekwa. Amegundua kwamba abiria wakihamia mbele, tezi inainuka na wimbi linapungua. Kweli linapungua. Kwa hiyo kila asubuhi anapanga watu kwa kuwakadiria kilo, na wiki mbili zilizopita, shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Toronto na kukaa kiti cha nyuma na mkoba wake na chupa yake ya chai, shemeji alimwomba kwa heshima zote:

"Shikamoo, shangazi. Samahani, ungesogea omo? Wimbi linakuwa kubwa."

Shangazi alisogea. Marahaba hakuitikia, na hadi anapanda ndege hakumsemesha yeyote kati yetu, isipokuwa Zuhura, aliyemwambia kwamba wimbi lilikuwa zuri sana alipokuwa amekaa nyuma.