Hamira ya Mama Mkwe

Wifi alitaka chupa ya kutilia achari. Akaiona moja rafuni, ndani maji mepesi ya nanasi, chini vibonge vyeupe vya ukubwa wa punje ya mtama. Akanusa, akakunja uso, akaimwaga yote na kuisugua kwa sabuni. Mama mkwe alipotoka kuswali Adhuhuri akaikuta chupa inang'aa.

"Mbegu yangu! Nani kamwaga mbegu yangu ya hamira?"

"Ilikuwa imeoza, mama. Imegandana."

Haikuoza hata kidogo, na kesho yake tulikuwa na maulidi na mikate ya kumimina ya kupika.

Kugandana kule ni kazi ya hamira yenyewe. Kwenye ukuta wa seli zake kuna protini zinazoshika manosi, sukari iliyo katika ukuta wa seli jirani, na haziwezi kushika pasipo kalsiamu. Hiyo kwetu Tanga haina shida: ni nchi ya mawe ya chokaa, yenye kalsiamu hiyo, mapango ya Amboni yametokana nayo, na mama hutumia maji ya kisima. Maji yakiwa na utamu mwingi, sukari huzishughulisha protini na seli huelea kila moja peke yake. Utamu ukiisha, zinakamatana, zinazama, na zile za katikati hukingwa dhidi ya pombe iliyotengenezwa na hamira hiyohiyo.

Mama naye kwa miaka amekuwa akimwaga ya juu na kubakiza ya chini. Huko Marekani, mtafiti William Ratcliff na wenzake walifanya jambo la namna hiyo: kila siku walibakiza hamira iliyowahi kuzama. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2012, ndani ya siku 60 walipata hamira inayoishi kwa vishada, ingawa ile ilishikana kwa njia nyingine: seli binti haikuachana na seli mama iliyoizaa.

Tukakimbilia kwa jirani, aliyewahi kugawiwa mbegu ya mama. Yake ilikuwa ya ukungu tu, bila kibonge, maana yeye huitikisa chupa kabla ya kuchota. Iliyozama na inayoelea zote hupita sawa. Mikate iliumuka vizuri, wageni wakala wakashiba. Mama aliisifu mikate, hamira akaikataa: "Hii haitulii."

Ameanza upya na hiyohiyo ya jirani. Kazi ya kumwaga maji ya juu kamkabidhi wifi, kwa masharti: polepole, chupa isitikiswe, na akiona vibonge asiguse sabuni.