Mwongozo wa Kuinua Pua ya Vigo

Kabla ya kuinua chochote, jibu swali hili bila kudanganya: unainua gari kwa sababu gani? Kama kila ukipita njia ya shamba tumbo la gari linakwangua tuta la katikati, endelea kusoma. Kama ni kwa sababu jirani ameinua la kwake, nunua stuli. Bei yake ndogo, hailambi tairi upande mmoja, na ukiipanda utamwona jirani kwa juu vilevile.

Pili, lijue gari lako kabla hujajuana na muuza spea. Haya ninayoyaeleza ni ya Toyota Hilux Vigo ya difu mbili, ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 2004 na kupisha Revo mwaka 2015. Mbele ina springi ya mviringo iliyovaa shokapu, vyote vimefungwa pamoja, na spesa ya kuinulia hukaa juu ya kifungu hicho. Hilux ya kabla yake, yenye mikono ya juu na chini, haina springi hiyo. Imebebwa na torsheni ba, vyuma virefu vinavyolala chini ya chesisi. Na zile kongwe zaidi za difu mbili, ambazo hadi leo zinabeba matofali bila kulalamika, mbele zina springi bapa kama za nyuma. Muuzaji akikuambia spesa moja inaingia Hilux zote, mwage salama, uende duka la pili.

Sasa elewa kwa nini pua iko chini. Pikapu tupu husimama imeinua makalio kwa makusudi, maana springi za nyuma zinasubiri mzigo. Pakia magunia ya mkaa na mahindi, nyuma inashuka, gari linakaa sawa. Aliyeinua mbele ili gari lipendeze likiwa tupu, siku ya mzigo anamulika kunguru waliolala kwenye miembe, na usukani unakuwa mwepesi kwa kuwa uzito umezihama tairi za mbele. Kama unabeba mzigo kila siku, shughulikia springi za nyuma kwanza. Nalisema hili kwa sababu nimeona pikapu nyingi zikipanda milima ya Iringa na mzigo zimeangalia mbinguni, na dereva amekaa kama yuko kwenye kiti cha kunyolea.

Kuhusu kipimo, watu hupotea hapa. Shokapu ya Vigo haikushika mkono wa chini pale mwisho kwenye gurudumu. Imeushika karibu na katikati. Kwa hiyo spesa ya milimita 25 huinua gari kwa karibu milimita 50. Mtu anataka milimita 50, ananunua spesa ya 50, gari linapanda karibu mara mbili ya alichotaka, halafu anashangaa sivi jointi zinagonga akikata kona. Ishia kwenye ile ya 25. Spesa inaongeza kimo tu. Shokapu inabaki na urefu wake uleule wa kiwandani. Ukizidisha, gurudumu likining'inia bolijointi ya juu inapinda hadi mwisho wake, na gari likidumbukia kwenye shimo shokapu inaweza kugota ndani kabla raba ya kuzuia haijagusana na mkono. Hizo milimita 50 ndizo heshima ya gari. Zaidi ya hapo unahitaji mikono mipya na shokapu ndefu, na hiyo ni bajeti nyingine.

Spesa yenyewe iwe ya aluminiamu, chuma, au plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Fundi mzuri wa kukereza anaweza kukuchongea, mradi nyuso mbili zilingane. Ilaze juu ya kioo na uibonyeze pembeni kwa kidole, ikicheza, irudishe. Kipande cha tairi na ubao wa mninga havifai hata kwa bure: vinabonyea, nati zinalegea, na kifungu kizima kinaanza kutembea. Tazama pia vichwa vya bolti. Kwa kazi hii viwe vimechapwa 8.8 au 10.9. Bolti isiyo na namba ni ya kitanda.

Egesha pahali pa tambarare, weka vigingi kwenye tairi za nyuma, kisha pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, uandike. Usipime kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya. Jioni yake elekeza gari ukutani, washa taa, chora kwa chaki mwanga unapokatika. Asubuhi legeza nati za magurudumu, piga jeki, na weka stendi za chuma chini ya chesisi. Tofali ni la kujengea nyumba, na nyumba haimwangukii fundi aliyelala chini yake akitafuta spana namba 14.

Fanya upande mmoja kwanza. Toa gurudumu, fungua kishikizo cha paipu ya breki na waya wa ABS visije vikavutika, kisha toa linki ya stabilaiza. Kwenye bolijointi ya juu chomoa kotapini, legeza nati mizunguko michache bila kuitoa yote, halafu gonga ubavu wa chuma kilichoishika, si bolijointi yenyewe. Itaachia kwa mlio mmoja, na ile nati uliyoibakiza itazuia mkono usikurukie usoni. Weka jeki chini ya mkono wa chini, malizia kuitoa nati hiyo, toa bolti ya chini ya shokapu, kisha nati 3 za juu.

Nati 3. Rudia kwa sauti, na mwenye kukushikia tochi arudie. Katikati yao kuna nati ya nne, nayo inakaa peke yake pale kileleni, imetulia, kama haina shughuli. Shughuli yake ni kuizuia springi nzima, ambayo imekandamizwa ndani ya kifungu kwa nguvu ya kuinua pua ya gari. Ukiilegeza bila mashine ya kukandamizia springi, sahani ya juu inaruka na chochote kilichoko mbele yake kinaumia, iwe dari, mkono au taya. Watu wameuawa na springi. Faida kubwa ya spesa ya juu ni kwamba springi haiguswi kabisa, basi usiiguse. Paka ile nati rangi nyekundu kabla hujaanza. Kidogo cha rangi ya kucha kinatosha, mama watoto atakuelewa.

Kifungu kikitoka, weka alama ya chaki kuonyesha jicho la chini linaelekea wapi. Vika spesa, hakikisha bolti za zamani zimezama ndani yake na hazitokezi juu, kaza, rudisha mahali pake. Kotapini iwe mpya. Mkono wa chini utakataa kuungana na jicho la shokapu kwa sababu kifungu kimekuwa kirefu; ushushe polepole kwa nondo, mtu wa pili akisukuma bolti. Haraka haina nafasi hapa, na vidole ni kumi tu.

Sasa inakuja hoja ambayo utagombana nayo gereji.

"Bosi, tukaze humuhumu juu tumalize, mvua inakuja."

"Hapana fundi, shusha kwanza."

Shikilia hapohapo. Bolti zinazopita kwenye busha za mpira hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Ukizikaza gurudumu likining'inia, mpira unashikwa ukiwa katika mkao wa kuning'inia, halafu gari likishuka unabaki umesokotwa muda wote. Utachanika mapema, utalia kila tuta, na lawama zote ataangushiwa aliyetengeneza busha. Mvua itanyesha hata hivyo.

Upande wa pili ukiisha, pima tena habu hadi madigadi. Kulia na kushoto vikitofautiana sana, kuna spesa haijakaa. Kisha nenda kapange magurudumu siku hiyohiyo, si mwisho wa mwezi, kwa sababu mikono imebadili mlalo na magurudumu hayatazami tena pale yalipokuwa yakitazama. Tairi mpya zikiachwa hivyo zinalika upande mmoja huku upande wa pili ukiwa na meno mazima, na mauzo yake mtaani ni aibu. Jioni rudi ukutani ushushe taa hadi kwenye mstari wako wa chaki. Dereva wa lori anayekuja mbele yako usiku hana kosa lolote.

Mwisho, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto huku mtu akitazama paipu za breki, waya wa ABS na tairi kama vinagusa kitu. Endesha wiki moja kwenye barabara ya vumbi, kisha kaza tena kila nati uliyoifungua. Ile nyekundu iache.