Bw. Asifiwe Hajatoa Mchango

Mhazini wa kamati ya harusi alinipigia simu saa moja asubuhi, hata chai sijaonja. Salamu hakutoa.

"Mwanangu, nipe namba ya Bwana Asifiwe."

"Shikamoo mama. Asifiwe yupi?"

"Marahaba. Huyu wa kwenye muhtasari. Kahudhuria vikao vyote vitatu, tena kila mara jina lake linamtangulia mwenyekiti. Nimepekua daftari la ahadi mwanzo hadi mwisho, hana hata senti. Mtu wa kuja kunywa soda za kamati, anapangusa mdomo, anaondoka!"

Nikamjibu kuwa nitamtafuta. Nikakata simu, nikakaa kitandani nimeshika kichwa, maana nilijua fika Bwana Asifiwe anaishi wapi. Anaishi ndani ya kompyuta yangu, na aliyemleta duniani ni mimi.

Nina steshenari hapa Mbeya, karibu na soko la Mwanjelwa. Mashine ya kopi ni moja, printa ni moja yenye hasira za karibu, na kompyuta ni moja inayojua Kiingereza chote na Kiswahili cha kubahatisha. Watu huniletea karatasi za mkono niwachapie: maombi ya kazi, mikataba ya kuuziana viwanja, mihtasari ya vikao. Na mtu yeyote aliyewahi kuchapa karatasi za Watanzania anaujua ugonjwa wetu. Tunafupisha. Nchi yenye TAMISEMI, TAKUKURU na LATRA, iliyopata kuwa na mkakati wa kupunguza umaskini ulioitwa MKUKUTA na mpango wa kurasimisha mali za wanyonge ulioitwa MKURABITA, itamlaumuje katibu wa kijiji anayeandika "M/kiti alimshukuru Mh. (Mb)"? Kuna S.L.P., kuna Kumb. Na., kuna Yah. Kuna na k.n.y., yaani kwa niaba ya, zile herufi tatu anazotanguliza mtu anayesaini barua ambayo bosi wake huenda akaja kuikana.

Balaa langu la kwanza lilitokana na ushirika. Katibu wa chama kimoja cha wakulima wa mpunga kutoka Mbarali, mwalimu mstaafu, aliingia dukani na ripoti ya kurasa 42 kwenye flashi. Ofisa aliyeipokea alikuwa ameirudisha na maneno matano ya wino mwekundu: vifupisho vyote viandikwe kwa kirefu. Ilitakiwa kesho yake saa nne.

"Mwalimu, hiyo ni kazi ya dakika tano," nikamwambia. Sentensi hiyo nimeifuta katika msamiati wangu.

Ndani ya programu ya kuandikia kuna mahali unapoiambia mashine: tafuta hiki, weka kile. Nikaandika Mb, nikaagiza iweke Mbunge, nikabonyeza kitufe cha kubadilisha yote. Ikanijulisha kuwa imebadilisha mahali 611. Nikajisemea, kumbe mheshimiwa anatajwa sana humu. Nikaenda na Mh iwe Mheshimiwa, dk iwe Daktari, TRA iwe Mamlaka ya Mapato Tanzania. Nikatoa kopi, nikapiga pini, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Mwalimu alirudi asubuhi, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti kama alivyozoea darasani. "Wanachama walikopeshwa mbungeegu na mbungeolea kwa ajili ya mashambungea yao." Akanitazama. Akaendelea. "Kila mwenye ng'ombungee wa kulimia alitakiwa kumwandikisha kwa Mheshimiwaasibu." Ukurasa uliofuata, kikao kilikuwa kimeahirishwa kwa Daktari 15 ili wajumbe wanywe chai. Chini kidogo ikaelezwa kuwa mashine ya kukoboa haifanyi kazi kwa sababu Mamlaka ya Mapato Tanzaniansfoma imeungua tangu Machi, na kwamba lori la chama halina leseni ya LAMAMLAKA YA MAPATO TANZANIA. Mbunge mwenyewe, ambaye mwalimu alikuwa amemwandika kwa kirefu tangu mwanzo, alitoka Mbungeunge.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti.

"Kijana wangu, chama chetu ni cha mpunga. Mbona umekifanya cha siasa?"

Kuna kisanduku kidogo pale unapotafuta, ukikiwekea tiki mashine inatafuta neno zima peke yake na kuachana na silabi za watu. Nilikiona baadaye. Siku ile nilikaa na mwalimu bega kwa bega, nikamng'oa mbunge mmoja mmoja kutoka kwenye kila mbegu na kila shamba. Saa nne ilitupita, saa sita ikatupita, na pesa sikuchukua.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema kosa lilikuwa la kurefusha. Kufupisha lazima ni rahisi zaidi. Basi, ilipokuja kamati ya harusi na muhtasari wao, wakataka uingie ukurasa mmoja kwa sababu bajeti ya kopi imeisha, nikafungua sehemu ile nyingine, ya mashine kusahihisha yenyewe wakati unachapa. Hii haibadilishi silabi za ndani. Inangoja umalize neno, ukigusa tu kitufe cha nafasi, inalidaka neno lako na kukuwekea lake. Nikaifundisha: ukiona bwana, weka Bw. Ukiona bibi, weka Bi. Kwa mfano, weka k.m. Nikaijaribu mara mbili, ikakubali. Nikajiona injinia.

Kifaa hiki, nimekuja kusoma, walikibuni watu wa Microsoft mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwemo bwana mmoja aitwaye Dean Hachamovitch. (Huyo ni bwana kweli.) Walikuwa wamechoka kuona waandishi wa Kiingereza wanataka kuandika "the" na vidole vinawapa "teh", wakaona mashine irekebishe kimyakimya bila kumwaibisha mtu. Nia njema kabisa. Lakini watafsiri wa Umoja wa Ulaya walikuja kukuta neno la Kiingereza la ushirikiano, "cooperation", likiandikwa bila kistari, mashine haikulitambua, ikapendekeza Cupertino, ule mji wa California yaliko makao makuu ya Apple. Zikatoka nyaraka zenye Cupertino mahali pa ushirikiano. Niliposoma hayo nilipata faraja: kumbe ushirika wa Mbarali si wa kwanza kuharibiwa na kompyuta.

Sasa, katibu wa kamati ya harusi ni mtu wa kanisani. Hawezi kuandika hata orodha ya vitunguu kabla hajatanguliza "Bwana asifiwe". Ndivyo alivyoanza kila muhtasari, juu kabisa, kabla ya mahudhurio. Nikachapa bwana, nikagusa nafasi, ikawa Bw. Mashine ilipoona nukta ikadhani sentensi imekwisha, na kwa kuwa imefundwa kuwa sentensi mpya huanza kwa herufi kubwa, ikampandisha cheo asifiwe akawa Asifiwe. Nami katika kubana kila kitu kiingie ukurasa mmoja nikaondoa mistari mitupu. Matokeo yake orodha ya waliohudhuria ikasomeka: Bw. Asifiwe, Mwenyekiti, Katibu, Mhazini, na wajumbe tisa. Na hapa kwetu Asifiwe ni jina la mtu, tena la kawaida. Nani angeshtuka?

Kumbe hakuwa peke yake. Nilipoipitia karatasi asubuhi ile, nilikuta familia nzima. Bw. Harusi angevaa suti ya bluu. Bi. Harusi angewasili saa kumi bila kuchelewa. Bi. Mzaa baba angepewa vitenge viwili na kiti cha mbele. Hata nasaha za mchungaji zilikuwa zimeguswa: mwanadamu, kwa mujibu wa muhtasari, aliumbwa k.m. Wa Mungu.

Nilimpelekea mama yangu ile karatasi acheke. Mama alikuwa mhazili serikalini, amesomea Tabora, kwenye chuo kile kile cha uhazili kilichowatoa makatibu mahsusi wa nchi hii. Kwa miaka mingi matangazo ya kazi hiyo yamekuwa yakidai mwombaji awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika moja. Maneno 80! Mkurugenzi anaongea, kalamu inakimbia, na kinachobaki kwenye daftari ni mikunjo na vijistari, kama kuku amechakura. Halafu mtu huyo huyo anakwenda kwenye taipureta na kuyarudisha yote kwa kirefu, bila mbunge kuingia kwenye mbolea.

Hakucheka. Akaniuliza nimefupisha nini, nikamweleza.

"Mama, wewe kwenye hatimkato ulijuaje bwana huyu ni Mungu na bwana yule ni wa harusi? Alama si ilikuwa moja?"

"Nilikuwemo kikaoni," akasema.

Nikangoja aongeze neno. Akarudi kuchambua mchele wake.

Nimelitafakari jibu hilo kuliko mafundisho yote ya kompyuta niliyowahi kulipia. Mtu anayeandika "dk." huwa haandiki neno, anamkonyeza msomaji anayejua kama pale wanangoja chai au wanangoja sindano. Kirefu chake hakimo kwenye karatasi, kimo kichwani mwa waliokuwepo. Mashine yangu haikuwepo. Na mimi, nikisema kweli, sikuwepo pia. Nilikuwa Mwanjelwa nabana mistari.

Kwa hiyo kikao cha nne nilikwenda mwenyewe. Ajenda zilikuwa zile zile za siku zote: kufungua kikao, kupitisha muhtasari, yatokanayo, mengineyo. Katibu akafungua kwa sauti, "Bwana asifiwe!" na wajumbe wote wakaitika, "Amina!" Nikamwona mhazini anageuza shingo taratibu kuelekea mlangoni, kama mtu anayetazamia mgeni aingie.

Tulipofika kwenye yatokanayo hakusubiri kupewa nafasi. "Mwenyekiti, kabla hatujazungumzia keki. Kuna mjumbe anahudhuria kila kikao na hachangii. Mimi naomba aondolewe kwenye orodha au alipe."

Nikainua mkono. Nikasimama, nikaeleza kila kitu, nukta, herufi kubwa, mistari mitupu, Bi. Mzaa baba. Nilipofika kwa Bw. Harusi, bwana harusi mwenyewe, aliyekuwa amekaa nyuma, alianguka kutoka kwenye benchi kwa kicheko. Mwenyekiti alijaribu kurudisha utulivu kwa kugonga meza, akashindwa, akaishia kufuta machozi kwa muhtasari wangu.

Mhazini peke yake hakucheka. Aliningoja nimalize, akafungua daftari la ahadi, akalilaza kwenye meza mbele yangu na kalamu juu yake.

"Tumekuelewa, mwanangu. Lakini huyu mtu jina lake limepita kwenye vikao vitatu na mihtasari yote tumeshaithibitisha. Siwezi kumfuta. Na aliyemleta mgeni ndiye anayejua atakula nini."

Wajumbe wakaunga mkono kwa makofi. Haikupigwa kura.

Nikaandika jina lake, Bw. Asifiwe, na mbele yake shilingi 50,000. Nikazihesabu hapo hapo. Pa kusaini nilisita kidogo, kisha nikaandika kwa mkono wangu, polepole, k.n.y., nikaweka sahihi. Naamini ndicho kifupisho pekee nilichokitumia sawasawa mwaka huo.

Wiki mbili baadaye mtoto wa jirani alileta kadi ya mwaliko nyumbani, ya watu wawili, yenye utepe wa dhahabu. Mke wangu aliipokea, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akairudia tena mbele.

"Imepotea njia hii. Imeandikwa Bw. na Bi. Asifiwe. Unawafahamu?"

"Ndio sisi," nikamwambia. "Kitenge chako kipigwe pasi."