Sifa za Sivii Iliyonona

Washairi wamesifu mwezi, bahari na warembo mpaka hakuna kilichobaki. Huku juu Nyabibuye, wilayani Kakonko, bahari hatuna, kwa hiyo nitasifu tulicho nacho kwa wingi: sivii, yaani wasifu wa kuombea kazi. Karibu kila nyumba iliyotoa mtoto wa kidato cha nne inayo, imo ndani ya bahasha ya kaki pamoja na kadi za kliniki na risiti za mbolea.

Nianze na ukarimu wake. Ndani ya sivii hakuna mtu mdogo. Aliyebeba magunia ya mahindi msimu mmoja ni msimamizi wa ugavi. Aliyemuuzia shemeji yake vocha kibandani ana uzoefu wa miaka miwili katika huduma kwa wateja na usimamizi wa fedha. Aliyewahi kushikishwa daftari la mahudhurio kwenye mkutano wa kijiji ni mtaalamu wa takwimu. Mwenyekiti wa kitongoji akisoma maelezo ya kijana anayemtuma maji kila siku, atainuka ampishe kiti.

Tena ina ukoo mkubwa. Mnamo mwaka 1482 Leonardo da Vinci aliandika barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano. Akaorodhesha madaraja mepesi ya kubebeka, mizinga, magari ya vita, na mwishoni kabisa akagusia kwamba kuchora pia anaweza. Bwana yule alimsoma mwajiri kwanza, ndipo akajisoma mwenyewe. Sforza alikuwa na maadui, picha zingesubiri.

Hapa kwetu sivii ilianza kunona mwaka 2015, Warundi walipovuka mpaka kwa maelfu. Kambi ya Nduta ikafunguliwa upya kule Kibondo, mwaka uliofuata ikafuata Mtendeli huku Kakonko, na mashirika yakaingia na magari meupe yenye antena ndefu na matangazo ya kazi ya kurasa nne, yote Kiingereza. Mkulima wa muhogo akagundua kuwa kuna kazi inaitwa uhamasishaji jamii, ambayo bibi yake ameifanya maisha yake yote bila posho. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Sivii zimebaki.

Zinapozaliwa ni steshenari. Kijana wa kompyuta hakuulizi umefanya nini, anakuuliza unaomba wapi. Anafungua faili la mteja aliyetangulia, anafuta jina, anaweka lako, anaprinti. Ndiyo maana wilaya nzima inapenda kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Ile pombe ya ndizi inayokwisha kila jioni sijui huwa inanywewa na nani. Wote tunafanya kazi bila kusimamiwa. Wote tunastahimili shinikizo. Na ikitokea faili halikufutwa vizuri, fundi magari huenda kwenye usaili akiwa na uzoefu wa kuzalisha wajawazito, na chini ameweka saini kwamba maelezo yote hapo juu ni ya kweli.

Serikalini sivii haisafiri peke yake, huenda na msafara. Mfumo wa Ajira Portal unataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na huku mpakani mwa Burundi kuipata namba hiyo kuna maswali ya ziada. Unataka barua iliyosainiwa, iliyoelekezwa kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, S.L.P. 2320, Dodoma. Unataka vyeti vilivyogongwa muhuri na wakili. Zile karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi. Unataka pia wadhamini watatu wa kuaminika. Wetu wanajulikana: mchungaji, mwalimu mkuu mstaafu na mtendaji wa kata. Watatu hao wanadhamini kata nzima, na simu zao huishiwa chaji wakati wa usaili.

Lakini sifa kuu naiwekea mashine. Waajiri wakubwa wengi siku hizi hawasomi sivii kwa macho, wanaipitisha kwanza kwenye programu inayotafuta maneno ya tangazo ndani ya maelezo yako. Nani asiyeipenda mashine hiyo? Haijui mjomba wako ni nani. Haipokei kitu kidogo. Haina mtoto wa dada anayesubiri nafasi hiyohiyo. Kwa mtu wa Nyabibuye, ambaye mjomba wake mwenye cheo kikubwa kuliko wote ni katibu wa chama cha msingi cha kahawa, huo ni ukombozi.

Sawa, wapo wanaoisema vibaya. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa kampuni ya Amazon iliitupa programu yake ya kuchambua waombaji kwa sababu ilikuwa ikiwashusha wanawake. Ilifundishwa kwa sivii za miaka 10, na nyingi zilikuwa za wanaume. Yaani wajomba ilikuwa nao, tena maelfu. Halafu mwaka 2021 watafiti wa Chuo cha Biashara cha Harvard waliwahoji waajiri, na asilimia 88 wakakiri kwamba mifumo yao huwaacha nje watu wenye ujuzi kwa sababu tu maelezo yao hayalingani sawasawa na tangazo. Utiifu wa namna hiyo kwa maneno ya bosi nani ameuona kwa karani wa kawaida?

Kuipendeza si kazi ngumu. Tangazo likisema "mratibu wa miradi," nawe uliratibu, andika mratibu wa miradi, usiandike "nilikuwa nasaidia mambo ya ofisi." Ondoa majedwali, maana huchanganya safu na kukuajiri mwaka uliozaliwa. Ondoa picha ya pasipoti. Namba ya simu iweke ndani ya maandishi, siyo kwenye ukingo wa juu ambako programu nyingine haziangalii. Wajanja hubandika tangazo zima chini ya ukurasa kwa herufi nyeupe, mwanadamu asione, mashine ione. Ibada ya siri nzuri kabisa, ila mifumo mingi huyavua maandishi rangi zote, na afisa ajira anakuta tangazo lake mwenyewe limerudishwa kwake bila salamu.

Kunona na kughushi, hata hivyo, ni vitu viwili. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Sivii ya steshenari haijawahi kufanya dhambi ya kiasi hicho. Yenyewe huongeza mafuta tu.

Na pengine hii ndiyo kasoro pekee ninayoiona katika kiumbe hiki kitukufu: hunenepa mahali pasipotakiwa. Mashirika ya kambini hutafuta mtu anayeelewa Kirundi. Kiha, lugha yetu huku, na Kirundi ni ndugu wa karibu. Muha na Mrundi hukaa sokoni wakapatana bei bila mkalimani. Lakini fungua sivii za hapa kwetu, kipengele cha lugha: Kiingereza, vizuri sana, Kiswahili, vizuri sana. Basi. Lugha ya mama haimo, kwa sababu haikuwamo kwenye faili la mteja aliyetangulia, naye huenda alitoka Mwanza. Mashine inatafuta "Kirundi" kurasa zote mbili, inakuta kubadilishana mawazo, inaendelea na mwombaji mwingine.

Kijana wa Nyabibuye, ukifika steshenari mwambie yule wa kompyuta afute mstari mmoja wa vipaji ulivyopewa na aandike Kiha. Kama Kirundi unakielewa, nacho akiandike, tena ukurasa wa kwanza.