Kifungu cha 15

Simamisha kijana wa pikipiki kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa Kavumu, mashariki mwa Kongo, umuulize kifungu cha 15 kinasema nini. Atacheka. Hata mtoto anayeuza karanga anakijua: jitafutie! Wazee husema tumekirithi kutoka Kasai Kusini, jimbo lililojitenga chini ya Kalonji mwaka 1960. Hakuna aliyewahi kuona karatasi yake, na hakuna sheria tunayoitii kama hiyo.

Lakini Katiba ya Kongo ya 2006 nayo ina kifungu cha 15, hicho cha karatasi kweli. Kinaagiza mamlaka za umma zihakikishe ukatili wa kingono unatokomezwa.

Kavumu ilikisubiri. Kuanzia 2013 watoto wa kike walichukuliwa usiku vitandani mwao na kubakwa, mmoja baada ya mwingine. Mbunge wa mkoa, Frederic Batumike, alikamatwa Juni 2016. Wanamgambo wake walijiita Jeshi la Yesu (Yesu mwenyewe hakuulizwa). Desemba 2017, mahakama ya kijeshi ikiketi palepale Kavumu, watu 11, yeye akiwemo, walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu huo. Miaka yote hiyo ya katikati, wazazi walitumia kifungu kile kingine: kila mtu na mlango wake, kila mlango na kufuli lake.

Februari 2025 waasi wa M23 waliteka uwanja wa ndege. Wenye Katiba walitangulia kuondoka, na sidhani kama walibeba nakala.

Nilimweleza kijana wa pikipiki habari ya kifungu cha karatasi. Akanitazama, akapiga teke kuwasha injini.

"Mzee, hicho wanakipima kwa kilo?"